Kermesi bila mbuzi kwenye kamba: namna ya kutafuta pesa za shule Bukavu pasipo kutumia wanyama

Mnyama akiingizwa katika kermesi ya shule, yaani sikukuu ya michezo na mauzo ya kuchangisha pesa, huwa amepewa moja ya kazi tatu. Ni zawadi ya tombola (bahati nasibu ya tiketi): mbuzi, kuku, sungura, simbilisi. Au ni mchezo: kuku wa kukimbizwa, nguruwe aliyepakwa mafuta, mbuzi wa kukisiwa uzito. Au ni kivutio cha foto: kasuku, tumbili, nyoka. Komite inayotaka kumwondoa mara nyingi hukosea hapo hapo mwanzoni. Inamfuta kwenye programu bila kuuliza alikuwa anafanya kazi gani, siku yenyewe uwanja unapoa, pesa zinapungua, na mwaka unaofuata mbuzi anarudi. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kazi aliyokuwa nayo mnyama. Kila alipokuwa amesimama yeye tunaweka kitu kingine cha kufanya kazi ileile.

Hatuzungumzii hapa nyama ya sikukuu, sadaka wala kinachopikwa nyumbani kwa mtu. Tunazungumzia mnyama hai anayeletwa mbele ya mamia ya watoto ili shule ipate pesa.

Anachopata mnyama, na anachopeleka nyumbani

Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama alichonacho mtu. Akishikwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini, matumbo yake hulalia mapafu na mifuko ya hewa, naye anahangaika kupumua. Watoto wanaona anatulia wakidhani amezoea, kumbe amechoka. Sungura hatoki jasho. Joto lake hutokea masikioni. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, hewa ni ya baridi, ndiyo maana watu hawaoni hatari. Lakini katoni iliyoachwa juani saa sita mchana huchemka ndani hata kama aliye kivulini amevaa sweta. Simbilisi akiogopa huganda kimya kabisa, na mtoto anayembeba husema ni mpole. Simbilisi jike anaweza kushika mimba saa chache tu baada ya kuzaa, na hubeba kwa siku 68 hivi, kwa hiyo yule mmoja uliyemtoa zawadi anaweza kuwa wanne mwezi ujao. Mwili wake hautengenezi vitamini C, anahitaji majani mabichi kila siku. Nani alimwambia hayo mtoto wa miaka minane aliyeshinda?

Kuna jambo ambalo wazazi hulielewa haraka kuliko yote hayo: ugonjwa. Kuku wa sokoni wametoka vijiji vingi na wamelala pamoja katika matenga. Ugonjwa wa mdondo huweza kukaa ndani ya kuku kati ya siku 2 na 15 kabla ya dalili kuonekana. Unamtoa mshindi na kuku anayeonekana mzima, anamwachilia kati ya kuku wake kumi, na baada ya wiki mbili hana hata mmoja. Kwa mbuzi iko sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo nayo husafiri kimya kimya namna hiyo. Shule imempa mzazi hasara ikidhani imempa zawadi.

Wanyama wa porini tusiwajadili kwa muda mrefu, maana hapo hakuna cha kupima. Sheria ya Kongo namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile inawalinda, na kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, maana yake biashara yake ya kimataifa imefungwa. Tumbili mchanga aliyefungwa kamba kiunoni kwa kawaida amebaki peke yake kwa sababu mama yake aliuawa. Kituo cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kimekuwa kikipokea sokwe na tumbili wa namna hiyo tangu 2002. Shule inayomlipa mwenye tumbili ili watoto wapige foto inamlipia safari ya pili porini. Tena tumbili huuma, na jino lake linaweza kuleta kichaa cha mbwa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani ziko shule zilizozoea kucheza mpira wa kikapu watu wakiwa juu ya punda ili kuchanga pesa, na wanaopinga huko wanatoa sababu hizihizi. Uingereza na Wales, sheria ya 2006 inakataza kumpa mnyama kama zawadi ya mchezo mtoto wa chini ya miaka 16 asiyeandamana na mtu mzima, isipokuwa ndani ya familia.

Hesabu kwanza, mbele ya komite

Usiende kwenye kikao cha komite na huruma peke yake. Nenda na karatasi. Bei hizi ni za kuonyesha namna ya kuhesabu tu, weka za soko la Kadutu au Nyawera za wiki yako.

Tuseme tiketi 600 kwa 1,000 FC (faranga za Kongo), zote zimeuzwa: 600,000. Mbuzi amenunuliwa 200,000, moto (pikipiki) ya kumleta 10,000, mlinzi wa usiku 10,000, kamba na majani 5,000. Yanabaki 375,000. Sasa weka kapu la chakula ambalo kila darasa kati ya 12 limeleta kitu kimoja, na komite imenunua kitenge cha 40,000 na kapu lenyewe la 10,000. Yanabaki 550,000.

Atatokea mtu aseme: "Lakini mbuzi wetu tulipewa bure." Ana haki, na msimfiche hesabu yake: mbuzi wa bure anabakiza 575,000, anazidi kapu. Hapo jibu ni kuzungumza na aliyemtoa mbuzi, kama tutakavyoona chini. Mfadhili huyohuyo akitoa kitenge badala ya mbuzi, mnabaki na 590,000, na hakuna anayelala macho akichunga kamba.

Tombola ya makapu

Mbuzi alikuwa anauza tiketi kwa sababu alionekana na kusikika. Kapu lililofungiwa ofisini kwa prefe (mkuu wa shule) haliuzi hata tiketi kumi. Kwa hiyo liwekwe mezani karibu na mlango wa shule kuanzia siku ya kwanza ya kuuza, saa za kuingia na kutoka, juu ya kitambaa safi, na karatasi kubwa iliyoorodhesha kila kilichomo. Jioni linarudi ndani. Foto yake iende kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi kila Jumatatu, na kila Jumatatu kiwe kimeongezeka kitu: watu hufuatilia kapu linalokua.

Gawa zawadi katika makapu matatu badala ya kuwa na moja kubwa. Mtu anayeona nafasi tatu hununua tiketi ya pili. Kapu la kwanza: mchele kilo 25, maharagi kilo 10, mafuta ya kupikia bidoni la lita 5, sukari kilo 5, chumvi, sabuni vipande 10, kitenge cha yadi 6. La pili: nusu ya vyakula hivyo, bila kitenge. La tatu ni la mwanafunzi: mfuko wa mgongoni, daftari 12, kalamu, rangi, seti ya vifaa vya jiometri. Maharagi yapimwe yakiwa makavu kabisa. Mabichi huota ukungu ndani ya wiki tatu, na yenye fukusi huharibu hata mchele ulio jirani. Stoo iwe na meza, vitu visikae chini, maana panya hawangoji siku ya kermesi.

Tiketi zitengenezwe hivi. Karatasi moja ya A4 inatoa tiketi 10, safu mbili za tano. Karatasi 60 zinatosha kwa tiketi 600. Kila tiketi ina kisiki (kipande kinachobaki kitabuni) upande wa kushoto, na namba imeandikwa mara mbili, kwenye kisiki na kwenye tiketi. Namba zianze 000 na kuishia 599. Usianze na 001, sababu utaiona kwenye kuchezesha. Karatasi mbili zinafanya kitabu kimoja cha tiketi 20, kwa hiyo una vitabu 30.

Mhuri wa shule upigwe juu ya mstari wa kukatia, nusu ibaki kwenye kisiki na nusu iende na tiketi, kwa wino wa buluu au wa zambarau. Hii ndiyo kinga ya fotokopi. Anayenakili tiketi atapata mhuri mweusi, na hata akiupaka rangi, nusu yake haitaungana na nusu iliyo kwenye kisiki. Usipokee tiketi yoyote ya ushindi kabla ya kuziunganisha nusu hizo mezani.

Pesa huharibikia mikononi mwa wauzaji, na mara nyingi bila ubaya wowote: mwalimu amebadilisha noti, mtoto amepoteza kitabu, mzazi ameahidi kulipa kesho. Weka daftari moja lenye safu nne: namba ya kitabu, jina la aliyekichukua, tarehe, pesa zilizorudi. Mtu hapewi kitabu cha pili kabla ya kurudisha pesa za cha kwanza. Pesa zikusanywe kila Ijumaa na watu wawili, mmoja wa shule na mmoja wa komite ya wazazi, wote watie sahihi. Anayelipa kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, atume kwa namba moja tu iliyotangazwa, na ujumbe wa malipo uonyeshwe kabla ya kukata tiketi. Kuuza kufungwe saa sita mchana, siku moja kabla ya kuchezesha. Tiketi zilizobaki zikatwe pembe mbele ya mashahidi na namba zake ziandikwe.

Kukunja vikaratasi 600 ndani ya ndoo ni kazi ya bure, na daima yupo atakayesema kimoja kilikuwa kimewekwa baridi au kimekunjwa kwa alama. Chukua vifuniko 26 vya soda na mifuko mitatu ya kitambaa kisichoonyesha ndani. Mfuko wa kwanza una vifuniko sita, 0 hadi 5. Wa pili una kumi, 0 hadi 9. Wa tatu pia kumi, 0 hadi 9. Watoto watatu wa madarasa tofauti wanachota kimoja kimoja, wanakiinua juu, na namba inaandikwa ubaoni: 3, 4, 7, ni tiketi 347. Kila tiketi ina nafasi sawa na nyingine, na uwanja mzima unaona. Vifuniko virudishwe mifukoni kabla ya zawadi inayofuata. Namba isiyouzwa ikitoka, chezesha tena. Anza na kapu la tatu, umalize na la kwanza, na utangaze mapema kwamba asiyekuwepo ana siku 14 za kuja na tiketi yake. Kilo arobaini na kitu hazibebwi kichwani hadi Bagira. Tengeni nauli ya moto ya mshindi ndani ya bajeti.

Badala ya kukimbiza kuku

Kinachofurahisha hapo ni mbio, kuanguka na kelele. Kuku haongezi kitu ambacho watoto wenyewe hawana. Mchezo wa mikia unafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu kila mtoto ni mkimbizaji na mkimbizwa kwa wakati mmoja.

Kata vitenge vikuukuu vipande vya sentimita 50 kwa 6. Kila mchezaji anachomeka sentimita 15 kiunoni kwa nyuma, zilizobaki zinaning'inia. Mkia haufungwi fundo kamwe: uliofungwa humwangusha mtoto unapovutwa, au huchana nguo ambayo mzazi atakuja kuidai. Uwanja wa tambarare uwe mita 20 kwa 20, wachezaji 12, dakika 3. Anayenyang'anya mkia anaushika mkononi, aliyenyang'anywa anaendelea kucheza. Mwenye mikia mingi mwisho wa filimbi anapata tuzo ndogo, daftari na kalamu zinatosha.

Viwanja vingi vya shule Bukavu viko kwenye mteremko. Msichore uwanja mrefu kutoka juu kwenda chini, maana wote watakimbilia chini na kurundikana kwenye ukuta. Upande wake mrefu ukatize mteremko, na mwalimu asimame upande wa chini. Kabla ya kuanza, watoto wapange mstari na kuokota kokoto. Msichanganye wa miaka sita na wa miaka kumi na moja. Mchezo unalipisha nusu ya bei ya tiketi ya tombola na raundi mpya inaanza kila dakika sita. Kwa saa mbili ni raundi 20, watoto 240. Kuku mmoja huchoka baada ya mara tatu.

Kukisia uzito

Huu hauhitaji maelezo mengi. Mbuzi wa kukisiwa uzito huleta ugomvi kwa sababu anakula, anakunywa na kukojoa siku nzima. Uzito wa asubuhi si uzito wa jioni. Weka gunia lililoshonwa lenye maharagi, au boga kubwa. Lipimwe asubuhi mbele ya watu watatu, uzito uandikwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu ya gundi. Uzito usiwe wa duara, kama kilo 20, maana huo ndio watu wanaokisia kwanza. Tafuteni 17 na gramu 350. Kila mmoja anaruhusiwa kuliinua mara moja. Wakilingana wawili, aliyeandika mapema ndiye mshindi, kwa hiyo saa iandikwe pembeni ya jina. Anayeshinda anaondoka na gunia.

Ubao wa foto

Mahali pa kasuku na tumbili weka ubao wenye matundu ya uso. Tukichagua kituo kimoja tu cha kumpa fundi siku mbili, tungechagua hiki, kwa sababu gharama ni ya mara moja na ubao unatumika miaka mitano.

Nunua tripleksi moja ya sentimita 244 kwa 122, ya unene wa milimita 9. Ya milimita 4 hujipinda mvua ya kwanza. Ilaze kwa upana, iinuliwe sentimita 50 kutoka ardhini kwa miguu miwili ya mbao, na nyuma ipigiliwe fremu ya mbao nyembamba kuzunguka kingo. Chora matundu matatu ya yai, urefu sentimita 24 na upana 18. Vitovu vya matundu hayo viwe sentimita 90, 120 na 150 kutoka ardhini: la kwanza ni la watoto wa chekechea, la pili la miaka tisa hadi kumi na moja, la tatu la mama na baba. Hapa ndipo wengi hukosea: fundi hupima kutoka ukingo wa ubao badala ya kupima kutoka ardhini, tundu la chekechea linapanda nusu mita, mengine hayaenei ubaoni, na mnaishia kupanga matofali chini ya miguu ya watoto.

Kingo za matundu zisuguliwe kwa msasa mkali, kisha laini, halafu zivalishwe mpira wa ndani wa baiskeli uliopasuliwa katikati na kubandikwa kwa gundi. Mbao chafu juu ya shavu la mtoto huharibu siku yote. Weka ndoo ndogo ya maji ya sabuni na kitambaa, mtu mmoja afute matundu kila baada ya watu watano hivi.

Rangi nyeupe lita moja kwa mkono wa kwanza, kisha robo lita ya nyeusi, kijani, kahawia na buluu. Rangi ya mafuta inataka siku nzima kukauka, na wakati wa mvua siku mbili. Ubao uliopakwa usiku wa kuamkia kermesi utaacha alama kwenye nguo za Jumapili. Chora familia ya gorila wa Kahuzi-Biega, dume lenye mgongo wa fedha likiwa kwenye tundu la juu. Wanafunzi wa mwaka wa sita wa msingi wanaweza kuchora wakiongozwa na mwalimu mmoja. Kwenye kona ya chini waandike kwa herufi zinazosomeka: mbuga ilianzishwa 1970, iliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mtoto anayengoja zamu husoma.

Alasiri upepo wa ziwa ukianza, ubao ni tanga. Weka viroba viwili vya mchanga vya kilo 20 juu ya miguu, upande wa nyuma. Mpiga foto atumie simu moja, na kila anayelipa ashike kadi yenye namba kwenye foto ya kwanza, kabla ya foto yenyewe. Namba hiyo na simu yake ziandikwe kwenye daftari. Bila kadi, jioni utakuwa na nyuso 150 na namba 150 zisizojuana.

Miche, lakini si mwezi wa Juni

Mzazi aliyezoea kurudi nyumbani na kifaranga anapenda kurudi na kitu kinachokua. Mche wa avoka, wa mapapai au wa marakuja unampa hilo, na Bukavu yenye vilima vinavyobomoka kila mvua inahitaji mizizi.

Tatizo ni kalenda. Kermesi nyingi hufanywa mwishoni mwa mwaka wa masomo, na Juni ndipo kiangazi kinapoanza. Mche uliopandwa wakati huo bila mtu wa kumwagilia hufa kabla ya mvua za Septemba. Kama kermesi yenu ni ya Juni, acheni miche kabisa na mfanye mauzo yake peke yake mwezi wa Oktoba au Machi. Mapapai huhitaji wiki 6 hadi 8 tangu mbegu hadi mche wa kuuza, avoka miezi 5 au 6. Otesha mara moja na nusu ya idadi unayotaka kuuza. Vyungu vitengenezwe kwa magome makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa uzi wake. Huoza ardhini na hayana bei. Mbegu ya avoka ipandwe upande mpana ukiwa chini, ncha ikichungulia juu ya udongo. Ikifukiwa yote kwenye udongo wenye maji, huoza.

Mizunguko ya ahadi

Badala ya kuwapeleka watoto barabarani kati ya moto na malori, waache wazunguke uwanja wa shule. Kila mtoto ana karatasi ya ahadi: shangazi anaahidi kiasi fulani kwa kila mzunguko, mjomba kiasi kingine. Mzunguko uwe mita 200, muda dakika 40. Kila anapopita mezani anapewa lastiki moja ya kuvaa mkononi, na mwisho lastiki zinahesabiwa; kuhesabu kwa macho hakufai zaidi ya watoto kumi. Andika kikomo kwenye karatasi, mizunguko 15 kwa mfano, ili shangazi asije akaahidi asichoweza kulipa. Ahadi zikusanywe ndani ya siku 7. Baada ya hapo hupoa.

Kuhusu chakula cha kuuza siku hiyo, neno moja: umeme wa Bukavu haungojewi, na nyama iliyolala bila friji ni hatari kwa watoto. Sambusa za maharagi, ndizi za kukaanga, mandazi na avoka na chumvi juu ya mbabula (majiko ya makaa) mbili huuzika vilevile.

Kuzungumza na aliyeahidi mbuzi

Asisikie kwa mtu mwingine, wala msimwandikie kwenye WhatsApp. Aende mwenyekiti wa komite pamoja na mtu anayemheshimu, na waende mapema, kabla hajamnunua. Maneno yanaweza kuwa haya: "Papa, aksanti sana kwa ahadi yako. Mwaka huu komite imekubaliana tusilete mnyama hai mbele ya watoto. Tunaomba mkono wako ubaki palepale: kapu la kwanza likuwe lako, na jina lako litatangazwa wakati wa kuchezesha." Usiseme kwamba mbuzi wake ana shida, wala kwamba mwaka jana mlikosea kumpokea. Wengi hawatetei mbuzi, wanatetea heshima ya kutoa. Kama tayari anaye kwenye zizi, mwombe abaki naye na atoe kitenge au mchele kwa kiasi anachoweza.

Na kama mnyama ameshafika na kermesi ni kesho? Asiwekwe uwanjani. Afungwe kivulini mbali na spika za muziki, kamba iwe shingoni, isiwe mguuni, apate majani na ndoo ya maji inayobadilishwa, na mtu mzima mmoja awajibike kwake kwa jina. Kuku wakae kwenye tenga lenye nafasi ya kila mmoja kugeuka, wabebwe kwa mikono miwili mabawa yakiwa yamekumbatiwa. Mezani iwekwe karatasi iliyoandikwa thamani yake, na mshindi achague kati ya mnyama na pesa. Asiyefuga apewe pesa. Anayefuga aambiwe wazi amtenge mnyama mpya na wake kwa wiki tatu.

Ndani ya siku 7 bandika hesabu mlangoni kwa shule: kilichoingia kwa kila kituo, kilichotumika, kilichobaki na kitakachonunuliwa. Nakala iwekwe kwenye faili pamoja na idadi ya tiketi zilizouzwa kila darasa, vipimo vya ubao na vya mikia. Komite hubadilika, na mwaka ujao yupo atakayesimama aseme kermesi ilikuwa na pesa zaidi enzi za mbuzi. Atakayekuwa kwenye kiti wakati huo afungue faili hilo.